Pete Upande wa Kulia

"Weka chini hiyo bisibisi, Halvor!"

"Siweki."

"Nakwambia iweke chini. Utaikwangua hiyo bunduki ya watu."

"Ya watu gani tena? Si umesema ni yangu, umeninunulia? Na mimi nafungua bunduki tangu wewe hujajua kufunga kamba za viatu. Sijakwangua hata moja. Nije nikwangue leo?"

"Leo huoni!"

Neno lilikuwa limeshatoka. Ardis alitamani alikimbilie alirudishe mdomoni, lakini lilishatua mezani, kati ya kikombe cha kahawa na sahani ya viazi ambayo mzee alikuwa ameimega nusu. Mzee Halvor Brekhus akageuza uso kuifuata sauti ya mkewe, macho yake yamepauka kama maziwa yaliyotiwa maji, akacheka kwa pua.

"Sioni, kweli. Lakini kucha bado ninazo, bibie. Hizo kisukari hakikuzitaka."

Mbele yake, juu ya blanketi la kijani lililotandikwa mezani pale jikoni, zililala bunduki mbili fupi za kale, za wapanda farasi. Ungezitazama haraka ungesema ni pacha. Zote zina kitako cha mti wa jozi kilichochakaa, na zote zina pete ya chuma ya kuning'inizia bunduki mtu akiwa juu ya farasi, kubwa kama bangili ya mtoto mchanga, iliyoning'inia ubavuni upande wa kulia. Pete hiyo ndiyo iliyokula maisha ya Halvor. Na ndiyo iliyomtia Ardis kwenye ugomvi huu, kwa sababu moja ya bunduki hizo ilikuwa ya uongo, na aliyeileta ndani ya nyumba ni yeye.

Sasa, ubaya wa pete ni huu. Kiwanda cha Wray, kule mashariki, kilitengeneza bunduki za namna hii kwa maelfu enzi za mababu, na kila iliyotiwa pete ilitiwa upande wa kushoto. Kushoto tu. Kule Montana hata anayeuza mayai anajua hivyo. Ila Halvor, zamani hizo bado ana nywele, alikwenda kwenye mnada wa mali ya marehemu Sorley, mfugaji wa ng'ombe wa bonde lao, na katikati ya ndoo zilizotoboka na hatamu zilizokatika akakuta bunduki ya Wray yenye pete kulia. Akapapasa kushoto: laini, hakuna tundu, hakuna kiraka, hakuna kitu. Akasahau kula. Alirudi nyumbani bunduki imevaa koti lake na yeye kavaa fulana, na baridi ya siku ile, kama anavyosimulia Ardis mpaka leo, ilikuwa kali hata kivuli chake kiliganda barabarani mbele ya posta, watu wakawa wanakikwepa wiki nzima wasiteleze.

Alipofika hakusema habari za jioni. Alisema, "Ardis, hii hakuna mtu ameiona."

Wakusanyaji wa bunduki za kale wana kanuni yao, nayo haina huruma. Bunduki moja ya namna yake si kitu. Yaweza kuwa imetobolewa na fundi yeyote mwenye keekee na jioni ya kupoteza. Kama vitabu vya kiwanda vingekuwepo, mtu angeandika akaulizia. Vya Wray viliteketea pamoja na kiwanda. Kwa hiyo kinachobaki ni kuisubiri ya pili. Ikitokea ya pili, kutoka kwingine, isiyojuana na ya kwanza, na ikaonekana kazi yake ni ya mkono uleule, hapo chama chao kinakaa, kinazilaza pamoja juu ya blanketi la kijani, kinaiandika kuwa aina halali ya kiwandani, na jina la aliyeigundua linaandikwa mbele yake. Halvor aliitaka hiyo "aina ya Brekhus" kama wengine wanavyotaka mtoto wa kiume.

Akaanza kuisubiri. Alikuwa mtu wa ghala la ngano, kazi yake kupima mizigo ya wakulima, na mshahara wake wote wa furaha ulikuwa safari za maonyesho ya bunduki: Great Falls, Billings, Miles City, ukumbi wa wanajeshi wastaafu wa hapa na uwanja wa maonyesho wa pale. Alibeba kurunzi ndogo na kioo cha kukuzia alichokiweka ndani ya soksi ya mtoto. Wenye meza walimjua. Akiinama juu ya bunduki yako unaanza kujikuna. Angesema, "Mtutu huu umekatwa baada ya kutoka kiwandani," au, "Weusi huu wa chuma umepakwa mwaka huu, tena na mtu mwenye haraka," na aliyekuwa ameiringia hiyo bunduki miaka kumi anaifunga kwenye gunia na kwenda zake bila kunywa kahawa. Hakuwa na chuki. Alikuwa mkweli tu, mpaka inakera. Aliwahi kumwambia mke wa mchungaji, mbele ya meza nzima ya kanisa, kwamba pai yake ina ladha ya sabuni. Na kweli ilikuwa na sabuni.

Bunduki za wengine alizifungua zote na kuzisema. Yake aliifungua mwenyewe, mlango umefungwa, akaifunga tena. Chini ya kile kikonyo kinachoshika pete, mahali ambapo jicho halifiki mpaka ukifungue, alikuta alama ndogo iliyokwaruzwa na chombo kilipokuwa kinasawazisha sakafu ya tundu: mkwaruzo uliopinda, mfano wa mkia wa panya. Hakumwonyesha yeyote. Alimwambia Ardis peke yake.

"Hiyo ni saini," alisema. "Fundi wa Wray, chombo chake kilikuwa kimemeguka jino. Ikija ya pili, nitatazama kama ina mkia. Nikiwaonyesha watu sasa, kesho kuna mjanja atauchonga."

Duane Kessler, mwenyekiti wa chama, mtu mnene mwenye sauti ya kuuzia ng'ombe, alikuwa akimtania kila mwaka: "Halvor, bunduki za wenzako unazisomea mashtaka. Yako ndiyo unaiombea dua!" Watu wakicheka, Halvor anajibu, "Ya pili ipo." Wakamfanya mzaha wao. Walikuwa wakimwona tu mlangoni wanaimba, "Ya pili ipo!"

Ardis naye alikuwa jinsi nyingine kabisa. Shule aliiacha akiwa hajamaliza hata kuipasha moto, akapika kwenye makambi ya wavunaji ngano, na huko akajifunza kwamba wanaume waliochoka hawataki ukweli, wanataka chumvi. Alikuwa akisema upepo wa bonde lao uliwahi kumnyoa jogoo upande mmoja, na yule jogoo akawa anatembea kwa mzunguko mpaka akafa kwa kizunguzungu. Alimwambia mtoza kodi kwamba nyumba yao imeegemea upepo, ukikatika upepo nyumba inaanguka, na mtoza kodi akaandika. Halvor angekaa pembeni anatikisa kichwa.

"Nyumba hii ina mtu mmoja wa kweli na mmoja wa uongo," alikuwa akisema. "Tungekuwa wawili wa aina moja tungekufa njaa au tungefungwa."

Waliishi hivyo. Kisha kisukari kikaanza kumla mzee. Kilianza na kidole cha mguu, kikapanda, kikaruka kwenye macho, mwisho kikakaa kwenye figo, na daktari wa Billings akamwambia Ardis pembeni, bila kumtazama, ampeleke nyumbani tu. Wakarudi. Theluji ikaanguka. Halvor akakaa karibu na jiko na ile bunduki mapajani, anaizungusha pete yake kwa kidole, tik, tik, tik, mpaka Ardis akawa anaisikia usingizini. Nyama ya paa hakuitaka. Chapati za viazi, zile za Kinorwe alizozipenda tangu kwa mama yake, aliziacha zikauka. Siku moja akasema, bila kulalamika, kama mtu anayetaja hali ya hewa:

"Nitakufa kabla sijajua."

Ardis alivaa buti, akavuka barabara.

Fundi bunduki wa mji ule alikuwa mmoja, Lyle Tobiason, na kabla yake alikuwa baba yake, katika karakana ileile, na vyombo vilevile. Lyle alikuwa rafiki wa Halvor wa kufa na kuzikana, na kila Alhamisi alikuja kucheza karata na kunywa kahawa mpaka birika linalia. Siku hiyo Ardis alimkuta ameinamia jiliwa, anapiga tupa.

"Shemeji, nataka unitie pete kwenye bunduki."

"Bunduki gani tena, shemeji? Wewe hata panya unampigia kelele tu."

"Ile Wray isiyo na pete, iliyoingia humu kwako juzijuzi, nainunua. Halvor hajaishika. Itie pete, kulia."

Tupa ikasimama. Lyle hakuinua kichwa.

"Halvor anajua?"

"Halvor anakufa."

Akaiweka tupa chini. Halafu Lyle akasema, "Ardis, nitume kazi nyingine. Nitamchimbia mzee kaburi kwa kijiko cha supu theluji ikiwa kiunoni. Hii usinitume."

"Unaogopa dhambi? Dhambi nitaibeba mimi, mgongo wangu umeshazoea."

"Naogopa kucha za mumeo."

Ardis alipomtazama usoni alimwona amekuwa mweupe kama unga uliokandwa, na akadhani ni uaminifu tu, kwamba mtu amefanya kazi safi maisha yake yote na sasa anaombwa aichafue. Akambembeleza. Akamlilia kidogo, na machozi yale hayakuwa ya chumvi ya simulizi. Mwishowe Lyle akafuta mikono kwenye aproni, akafuta tena, ingawa ilikuwa imeshakauka.

"Nitaifanya. Lakini asikifungue kile kikonyo, Ardis. Aishike, alale nayo akitaka. Chini asiguse. Niahidi."

Akaahidi. Nani angekataa? Alidhani ni kwa kuwa kazi ni mbichi.

Bunduki ilipokuwa tayari, Ardis akaiingiza nyumbani na kisa chake. Ilitoka Dakota Kaskazini, alisema, kwa mjane mmoja aliyekuwa akiitumia kuegesha mlango wa banda la kuku, na ndani ya banda kulikuwa na bata mzinga wa mguu mmoja aliyeiona bunduki mali yake, akawa anailinda, na ilibidi mjane amwimbie yule bata zaburi nzima ndipo akaiachia. Halvor alicheka mpaka akakohoa. Kisha akainyoosha mikono.

Mwenye kuona uso wake siku ile hawezi kumlaumu Ardis. Alizipapasa zote mbili kama mtu anayepapasa uso wa ndugu aliyerudi vitani. Kushoto laini. Kulia pete. Na pembeni ya pete, mahali inapopiga farasi akitembea, mkwaruzo wa upinde kama mwezi mwandamo, ambao Lyle alikuwa ameusugua kwa mchanga alasiri kadhaa. Halvor akala. Akaomba chapati nyingine. Akamwambia Ardis ampigie Duane simu, na Duane kwenye simu akasita sana, akasema, "Ya pili?" kwa sauti ambayo haikuwa ya kuuzia ng'ombe, na akasema watakuja Jumapili baada ya kanisa, chama kizima.

Jumapili yenyewe ndiyo hii. Kahawa imechemka, watu wako njiani, na mzee ameshika bisibisi.

"Basi ngoja waje, wafungue wenyewe," Ardis akasema, sauti ameishusha sasa, anabembeleza. "Mzee wangu. Kwa nini uhangaike?"

"Kwa sababu za wenzangu nilizifungua zote. Niwaletee yangu sijaifungua? Duane atasema nini? Atasema nimeiombea dua."

"Mwache aseme."

"Aa. Siyo leo."

Akaigeuza ile mpya. Akaweka ncha ya bisibisi pale pale bila kupapasa mara mbili. Ardis alisimama nyuma yake, mkono umekwenda mbele, umerudi, umekwenda tena. Angeweza kuipokonya. Mzee hakuwa na nguvu ya kumshinda hata paka. Lakini kumpokonya kungekuwa ni kumwambia, na aliona bado kuna nafasi kwamba kucha zake nazo zimezeeka.

Kikonyo kikalegea. Halvor hakukitoa haraka. Aliweka kidole gumba juu ya tundu, akakisugua, akasugua mpaka chuma kikapata joto, akainamisha uso na kupumua juu yake taratibu. Akanusa.

Akanusa tena.

"Mayai viza," akasema.

"Nini?"

"Weusi wa kiwandani haunuki, Ardis. Ule wa chupani, wa kupaka kwa kitambaa, ukiupasha joto unanuka mayai viza. Tundu hili halijamaliza hata baridi moja." Akaweka bunduki chini, polepole, na uso wake ukafanya kitu ambacho Ardis hakukitarajia. Ulicheka. Kicheko kidogo, cha upande mmoja. "Bata mzinga wa mguu mmoja."

Ardis akakaa kwenye kiti kama aliyekatwa kamba.

"Halvor..."

"Zaburi nzima, eti. Ulisema zaburi ya ngapi?"

"Nilitaka ule."

"Na nimekula." Akaupapasa mkono wake juu ya blanketi, akaupata, akaubana. "Wewe mwanamke! Umeolewa na mimi miaka yote hii na ukadhani utanipitisha hapo? Haya. Mpigie Duane, mwambie wasije. Mwambie ya pili haipo bado. Watacheka, watu wa kucheka ni hao hao."

"Hukukasirika?"

"Nikukasirikie vipi? Ya kwanza si bado ninayo?"

Kama angeishia hapo, mambo yangeisha kwa machozi na chapati. Lakini mkono wa mtu uliozoea kazi hauambiwi acha. Huku bado ameushika mkono wa mkewe kwa mkono wa kushoto, kucha ya kidole kidogo cha kulia ikaingia ndani ya lile tundu bichi, ikazunguka chini, kwa mazoea tu, kama mwenye jino bovu anavyolipitishia ulimi.

Ikasimama.

Ikarudi nyuma. Ikapita tena.

Ardis alihisi vidole vyake vimeachwa. Halvor akavuta ile bunduki yake ya zamani, ya mnada, iliyolala mapajani mwake baridi ngapi, akakifungua kikonyo chake, na safari hii bisibisi ikateleza, ikaikwangua. Hakujali. Akaingiza kucha. Kisha kwenye mpya. Kisha kwenye ya zamani. Jiko lilikuwa likinguruma na nje upepo ulikuwa ukisukuma theluji dhidi ya ukuta, na kucha ya mzee ikawa inakwenda na kurudi, tundu hili na lile.

"Nini, Halvor?"

"Ulimpa Lyle bunduki yangu aitazame?"

"Sikumwambia mtu kuwa ni Lyle."

"Ardis, mji huu una fundi mangapi?" Alisema vile hasa, "mangapi", ulimi umemkwama. "Ulimpa?"

"Sikumpa. Haijatoka nje ya nyumba. Nilimwambia tu kulia."

"Aliwahi kukifungua hiki kikonyo? Nikiwa nimelala? Alhamisi yoyote?"

"Wewe unalala nayo. Nani akifungue?"

"Mkia," Halvor akasema. "Hii hapa ina mkia. Na hii ina mkia. Umepinda palepale, umekatika palepale."

Ardis alianza kufurahi, Mungu amsamehe. Kwa nukta moja alidhani ni habari njema. "Si ndiyo ulivyosema? Ikiwa na mkia ni ya fundi yuleyule!"

"Ndiyo," mzee akasema. "Ni ya fundi yuleyule."

Ndipo na yeye akaelewa, na akaukumbuka uso wa Lyle mweupe kama unga.

Halvor aliongea akielekea dirishani, ambako kwake hapakuwa na dirisha. "Sorley alikuwa wa mkono wa kushoto. Ukoo mzima. Nilikuwa nikiwaambia watu: tazameni, babu yao aliagiza kiwandani, akaandika barua, akasubiri mzigo wa treni. Niliipenda ile barua, Ardis, na sikuwahi kuiona. Kumbe Sorley mwenyewe alivuka barabara tu. Alimwambia Lyle, kijana wa Tobiason, nitie pete kulia, mimi naning'iniza kinyume na wengine. Akatia. Jino la chombo cha baba yake limemeguka, na hawajanunua kingine hadi leo, mabahili wale."

Alijaribu kucheka tena, kicheko hakikufika.

"Hakukutapeli," Ardis akasema haraka. "Alimfanyia Sorley kazi, basi. Hakujua utakuja kuinunua."

"Hakunitapeli. Lakini alijua siku niliyoinunua. Alikuwa pale mnadani, alinishikia mlango wa gari."

Nje mbwa wa jirani alibweka. Ardis akatazama saa, akatazama zile bunduki mbili zilizofunguliwa kama samaki, na kichwa chake cha uongo kikaamka, kikaanza kufanya kazi peke yake, kama kilivyofanya maisha yote.

"Sikiliza," akasema, amemsogelea. "Nisikilize, mzee wangu, kabla hawajafika. Duane hana pua yako. Hana kucha zako. Ile harufu itakwisha, nitapaka mafuta, nitaweka kahawa karibu. Wao watafungua, wataona mikia miwili. Miwili, Halvor! Hakuna ushahidi mzuri kama huo, wewe mwenyewe ulisema. Wataandika leo leo, hapa hapa mezani. Aina ya Brekhus."

"Wataandika," Halvor akakubali. "Kwa mkia huu hata mimi ningeandika."

"Basi?"

"Basi nitawasomea. Waje. Nitawasomea yangu kama nilivyosoma zao. Yule wa Miles City niliyemwambia weusi wako wa mwaka huu, alilia, unakumbuka? Alilia kwenye gari. Nilimwona."

"Na Lyle?" Ardis akamshika bega. "Ukisema, umemsema na Lyle. Wote wale ndio wateja wake. Nani atampelekea bunduki tena, mtu aliyekaa kimya na hii, na akatia nyingine juu? Unajua alinikatalia? Alinisihi kama mtoto. Mimi ndiye niliyemlazimisha. Unataka uondoke duniani umemwacha anauza chambo cha samaki?"

Pete ya ile bunduki ya zamani ilikuwa kiganjani mwa mzee, na kikonyo chake, na kidole kikaanza kuizungusha bila yeye kujua, lakini sasa haikuwa na chuma cha kugongana nacho, ikawa kimya.

"Kila Alhamisi," akasema. "Amekaa kiti hicho. Nikimwambia, Lyle, ya pili ipo, ananiambia, ipo, Halvor, ipo, nimiminie kahawa. Kila Alhamisi, Ardis. Kwani angepungukiwa nini?"

"Alikuona unavyoipenda."

"Wewe pia. Ndiyo sababu mmenitengenezea." Akauinua uso. "Haya, wewe una kisa cha kila kitu. Nipe kimoja. Sema Sorley alikuwa na mbili. Sema kiwanda kilimuuzia baba yake Lyle vyombo vya zamani, jino likiwa tayari limemeguka. Sema chochote. Leo nitakiamini, haki ya Mungu, sitauliza."

Ardis akafungua mdomo. Vyombo vya zamani! Hapo hapo palikuwa na kisa kizuri, angeweza kukivuta mpaka New York na kukirudisha. Alimtazama, ameinua uso kama anayesubiri kulishwa, na hakuna kilichokuja. Hata jogoo hakuja. Mwanamke aliyewahi kuegemeza nyumba kwenye upepo alisimama jikoni mwake na ulimi mkavu, na akasikia barazani mtu anakung'uta theluji kwenye buti.

"Halvor," akaanza, "vile vyombo vya—"

Mlango ukasukumwa kwa bega. Alikuwa Lyle Tobiason, kofia imejaa theluji, amebeba viti vya kukunja vya kanisa kwapani, viwili huku na viwili huku, pua nyekundu kwa baridi.

"Jamani, Duane na wenzake wameshafika daraj—"

Akaona blanketi la kijani. Akaziona pete mbili zimelazwa kando, na matundu mawili yametazama juu.

Kiti kimoja kikamteleza kwapani, kikaanguka. Hakuna aliyekiokota.